Mishororo inavutika mpaka pambizo baada ya kuhamia Word mpya

mtunzi_wa_usiku
Wakuu, salaam. Nina mswada wa mashairi, beti mia na ushei, na mbele yake utangulizi wa nathari. Nimeuchapa kidogo kidogo kwa miaka kwenye Word 2003, faili la .doc. Kompyuta ile imekata roho, sasa natumia yenye Word 2016, na mashairi yamekuwa kituko. Huu mshororo niliuandika hivi:

Kalamu nakushikia, wino nikumiminie

Sasa uko hivi:

Kalamu          nakushikia,          wino          nikumiminie

Umevutwa kulia mpaka umegusa pambizo. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kila ubeti una mishororo minne, na inayovutika ni mitatu ya kwanza. Wa nne umetulia kama si wa ubeti ule. Halafu utangulizi nao umefupika! Ulikuwa unaishia katikati ya ukurasa wa 11, sasa unakomea ukurasa wa 10, na sijafuta hata nukta. Fonti ni ileile, Times New Roman 12. Nimechezea pambizo, nikaharibu zaidi, nikarudisha. Kurekebisha ubeti mmoja mmoja sitaki hata kufikiria.

kata_shauri
Geuza PDF uachane nayo.

mtunzi_wa_usiku
PDF ya mishororo iliyovutika si itakuwa na mishororo iliyovutika, mkuu?

fundi_aya
Huo mshororo wa nne ndio umekutajia ugonjwa. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichika. Naamini mwisho wa mishororo mitatu ya kwanza utakuta kishale kilichopinda, na mwisho wa ule wa nne utakuta ¶. Kishale maana yake ulikata mstari kwa Shift+Enter, kwa hiyo kwa Word ubeti mzima ni aya moja. Aya ikiwa imejastifaiwa, kila mstari wake unanyooshwa pande zote mbili isipokuwa wa mwisho. Word haijui kwamba wewe ni mshairi.

Kabla sijaendelea, nijibu mawili. Mashairi yalijastifaiwa na nani? Na maandishi uliyahamishaje: ulilifungua faili la zamani na kulihifadhi upya, au ulinakili na kubandika kwenye faili jipya?

mtunzi_wa_usiku
Vishale vipo, vitatu kila ubeti, kama ulivyosema. Nilipenda Shift+Enter kwa sababu Enter ya kawaida iliniachia uwazi katikati ya mishororo.

Aliyejastifai ni mimi mwenyewe. Zamani nilibonyeza Ctrl+A halafu Ctrl+J ili utangulizi ukae vizuri, na mashairi yakabebwa humo humo. Lakini wakati ule hayakuvutika! Na ndiyo, nilibandika kwenye faili jipya. Nilidhani ndiyo njia safi.

fundi_aya
Basi yote mawili yametokana na huko kubandika.

Hayakuvutika wakati ule kwa sababu kuna kisanduku cha kuzuia jambo hilo, na kwenye faili lako la zamani kuna mtu alikitia tiki. Mpangilio huo unakaa ndani ya faili, si ndani ya kompyuta. Ukibandika maandishi kwingine, tiki inabaki nyuma. Kwenye faili jipya nenda Faili, kisha Chaguo, ingia sehemu ya mipangilio ya juu (Advanced), shuka mpaka chini kabisa palipo na chaguo za mpangilio wa kurasa. Kwenye orodha tafuta mstari wenye neno SHIFT-RETURN, utie tiki, ubonyeze OK.

Utangulizi ni habari nyingine. Word za zamani zilijua kutanua nafasi tu: neno likikosa pa kukaa linashushwa mstari wa chini, na yaliyobaki yanaachanishwa mpaka yajaze. Kuanzia Word 2013, faili likiwa jipya, programu inaweza pia kuzibana nafasi kidogo ili neno hilo lienee. Mstari mmoja ukimeza neno, aya inaweza kupungua mstari mzima. Kwa kurasa kumi na moja, hiyo nusu uliyopoteza hainishangazi.

Ukitaka utangulizi wa zamani herufi kwa herufi, rudi kwenye .doc, uihifadhi kama .docx, na kwenye dirisha la kuhifadhi utie tiki pale pa kudumisha upatanifu na matoleo ya nyuma. Tiki ya mashairi nayo itakuja humo humo. Mimi ningeuacha huu mpya ulivyo, una matundu machache kati ya maneno.

bi_kalamu
Niongeze kidogo. Tiki ni sawa, ila mashairi hayana sababu ya kujastifaiwa. Mtengenezee ubeti staili yake, ilale kushoto, uwazi kabla na baada ya aya uwe 0. Ukifanya hivyo hata Enter ya kawaida haitakusumbua. Nasema hivi kwa sababu faili likifika kwa mtu wa LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, kule nako kuna kisanduku chake cha upatanifu kwa jambo hilihili. Mstari uliolala kushoto hautegemei kisanduku cha mtu.

Na kwenye utangulizi, maneno yetu marefu ndiyo yanayotoboa mistari. "Hawakuyashughulikia" likishuka lote linaacha pengo la kupitisha mkono. Weka kishale cha kuandikia baina ya silabi, hawakuya na shughulikia, ubonyeze Ctrl na kistari. Kistari hicho kinajitokeza pale tu neno linapokatika.

mtunzi_wa_usiku
Nimetia tiki, mashairi yote yamerudi mahali pake kwa mpigo mmoja. Nilicheka peke yangu. Na huyo aliyetia tiki zamani nimemkumbuka, ni binamu yangu. Alikuja kuniazima chaja akakaa kwenye kompyuta dakika mbili, hakusema alichofanya.

Bi Kalamu, staili ya ubeti nimeitengeneza pia, nimeipa jina Ubeti. Utangulizi nauacha ulivyo. Tatizo lililobaki ni ukurasa wa yaliyomo, niliuchapa kwa mkono pamoja na vile vinukta vyote, na sasa kila namba imepungua moja.

fundi_aya
Kwa mkono? Vinukta pia? Fungua uzi mwingine, tutakusaidia.