FamilySearch, WikiTree au Geni: tulipie upi kumtafuta nyanya yake mama?

MwanaKuze
Assalaam aleikum na habari za jioni nyote. Nina swali, na jibu nalihitaji kabla ya Ijumaa. Familia yetu imechanga pesa tuwe na mti wa ukoo kwenye mtandao, ile miti ya pamoja ambayo hata jamaa walio mbali waingia wakaongeza majina. Kazi ya kuchagua nimepewa mimi. Nimeona FamilySearch, WikiTree, Geni na Ancestry. Upi mzuri kwa kutafuta wazee wa zamani? Mkutano wa familia ni baada ya Idd na wameniambia nilipie mwaka mzima kabisa.

BintiLikoni
Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, hujatuambia kitu. Wazee wenu ni watu wa wapi? Waislamu ama Wakristo? Majina mliyonayo ni ya miaka gani? Kuna karatasi yoyote mkononi, hata hati ya ndoa, ama ni masimulizi ya nyumbani peke yake? Mzee aliyekuja na reli kutoka India hatafutwi mahali anapotafutwa mzee wa Jomvu. Na mwataka kutafuta, ama mwataka kuhifadhi mnachokijua? Mtandao unaofaa kwa hili huenda usifae kwa lile.

FundiChangamwe
Kabla hujatoa hata shilingi, soma hapa. FamilySearch na WikiTree yote miwili ni ya bure. Geni kuingia ni bure ila baadhi ya huduma zake ni za kulipia, na tangu 2012 iko chini ya MyHeritage. Ancestry si mti wa pamoja, kila mtu ana mti wake na anaalika amtakaye. Kwa hiyo kama ni mti wa pamoja mnaoutaka, hiyo tayari imetoka.

Mimi ni mtu wa WikiTree na sibanduki. Ulianza 2008, ni mti mmoja wa dunia nzima, na kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu. Ukiandika jambo, useme umelitoa wapi. Kuwagusa watu waliozaliwa kabla ya 1700 lazima kwanza upite mtihani mdogo wa kanuni zao. Napenda hivyo, maana kuna watu wakiachiwa uwanja watajipachika kwa kila sultani waliyemsikia.

MzeeKibokoni
Mwanangu MwanaKuze, pesa hizo ziwekeni. Kwanza mwende kwa wazee walio hai, na simu ya kurekodi mkononi. Mtandao utabaki pale pale, lakini wazee hawatungoji. Muulize mzee nani alimwoa nani, nani alikuwa jirani, mtoto gani alikufa mdogo, nani alisimamia arusi. Msiulize "alizaliwa mwaka gani", hajui. Ulizeni alikuwa na umri gani vita vya Wajarumani vilipokuja, na kama alishaanza kwenda chuoni kusoma Kurani. Kaburi likiwa na mwaka wa Hijria, muandike kama ulivyo kisha ndipo mugeuze. Mwaka wa 1318 kwa mfano ulianza Mei 1900, kwa hivyo aliyekufa mwisho wa mwaka huo alikufa 1901. Nimeona watu wakiandika 1318 kwenye kompyuta kama ulivyo, wakamfanya babu yao kuwa mkubwa kuliko Ngome ya Wareno hapa Mombasa.

MwanaKuze
Ahsante Mzee, na ahsante dada wa Likoni. Haya, nieleze. Upande wa baba sisi ni Wachangamwe, Waswahili wa hapa Mombasa, hapo hatuna shida, ami zetu wahesabu mababu saba bila kusita. Tunayemtafuta ni nyanya yake mama. Alikuwa mtu wa Frere Town, makazi ya wamisheni hapa Mombasa, alibatizwa pale utotoni, kisha akaolewa na Muislamu wa Mji wa Kale akasilimu. Jina tulilonalo ni la Kiislamu. La ubatizo hatulijui, na la wazazi wake hatulijui pia. Mama asema alikuwa akiimba nyimbo za lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa.

BintiLikoni
Ungeanza na hilo! Sasa swali limebadilika kabisa. Hakuna mti wa mtandao, wa bure wala wa kulipia, utakaokupa mtu kwa jina ambalo hakuwa nalo alipoandikwa.

MamaRabai
MwanaKuze, mimi ni wa huko huko, kwetu ni Rabai. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisheni wa CMS (Church Missionary Society, wa Kanisa la Anglikana), ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Walioletwa pale wengi waliokolewa na meli za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa, na wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa. Kwa hiyo hizo nyimbo za nyanya yenu msizichukulie kama kitu kidogo. Kama mama yako akumbuka hata neno moja, mrekodi, kisha msikizishe mtu wa Malawi au Msumbiji kaskazini. Hiyo yaweza kukupa njia kuliko tovuti yoyote.

La pili ni daftari za ubatizo. Anzia na kanisa lenyewe la Emmanuel pale Kengeleni, uliza kwa adabu daftari gani wanazo. Barua na ripoti za wamisheni ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Na usiishie Frere Town, watu walikuwa wakihama kati ya hapo na Rabai. Rabai ilikuwa na watumwa watoro wengi kutoka mashamba ya pwani. Mwanzoni mwa 1889 Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia na watu zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru. Vyeti maana yake kuna watu walioandikwa.

Sasa kuhusu miti ya pamoja, niwaambie yaliyonipata, na mtandao wenyewe siutaji. Babu yangu mzaa baba alikuwa na jina la ubatizo la kawaida sana, na jina la baba yake likafanywa la ukoo kama Wazungu wanavyofanya. Nilimweka kwenye mti na watoto wake wote. Mtu mmoja ng'ambo, ambaye hana udugu nasi, aliona jina kama hilo kwa mzee mwingine, mmoja wa wale Waafrika wa Bombay, waliokombolewa utumwani wakasomea Nashik, India, kisha wakaletwa huku. Akawaunganisha wakawa mtu mmoja. Babu akazaliwa miaka ishirini kabla ya wakati wake, nyanya yangu akaondolewa, na baba na shangazi zangu wakawekwa chini ya mwanamke mwingine kabisa. Nikatengua. Akaunganisha tena. Nikamwandikia, akajibu kwamba kompyuta imempa pendekezo na majina yamelingana.

Wakati huo jamaa wa Nairobi walikuwa wanatengeneza kijitabu cha ibada ya kumbukumbu. Wakachapa ule mti bila kutuuliza. Shangazi yangu mkubwa akafungua kijitabu kanisani akakuta mama yake hayumo, na jina la mwanamke asiyemjua limekaa mahali pake. Alilia vibaya. Msiba ulikuwa wa mtu mwingine lakini siku ile ukawa wake. Nilipopata picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo na kuiambatisha, ndipo wasimamizi wakasahihisha. Mpaka leo kuna mtoto mmoja wa yule mzee wa Nashik bado yuko kwa babu yangu, na mwenye kumweka hajibu.

Kwa hiyo mimi nasema FamilySearch, lakini si kwa kuwa hauna hatari hiyo. Mti ule ni mmoja kwa wote na marehemu aweza kubadilishwa na yeyote. Ila kila badiliko limeandikwa, jina la aliyefanya lipo, na kuunganisha kwaweza kutenguliwa. Mfuate kila mzee wako ili upate taarifa akiguswa. Na usimwache bila ushahidi ulioambatishwa.

FundiChangamwe
Pole sana mama. Lakini hiyo ndiyo sababu nasema WikiTree. Pale una orodha ya watu unaowaamini, na mzee wa karibuni unaweza kumwekea ufunguo, asiguswe na asiye kwenye orodha hiyo.

MamaRabai
Ahsante mwanangu. Ufunguo ni mzuri. Lakini sisi wa pwani tukoje wengi pale? Nikitafuta Frere Town huko napata wamisheni wenyewe na wake zao. Watu wetu wako wapi? FamilySearch angalau wana mpango wa kwenda kwa wazee Afrika na kuandika nasaba zilizo kichwani.

SalimMajengo
Samahanini, hakuna aliyetaja jambo kubwa. FamilySearch ni ya kanisa la Wamormoni. Wao wana ibada ya kubatiza kwa niaba ya waliokufa. Mimi siwezi kumpeleka babu yangu, aliyekufa akisoma Yasini, kwenye orodha ya watu hao. Na MwanaKuze, nyanya yenu alisilimu kwa hiari yake. Fikirini.

FundiChangamwe
Ni kweli ni ya kanisa hilo, na ibada hiyo wanayo. Lakini kanuni yao inawataka wafanyie mababu zao wenyewe, si watu wa nje. Na wao wenyewe wanaamini kwamba marehemu ana hiari ya kukataa.

SalimMajengo
Kanuni ipo, na bado majina ya Mayahudi waliouawa na Hitler yaliingizwa mpaka ikabidi wakubaliane mwaka 1995 yaondolewe. Sisemi wana nia mbaya. Nasema mimi sitaki, na familia iulizwe kabla, si baada.

BintiLikoni
Salim ana haki hapo, familia iulizwe. Lakini kutafuta si kuandika. Fungua akaunti, tafuta kwenye rekodi zao, usiweke jina la mtu yeyote. Na ukitafuta, acha jina la ukoo wazi, weka nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo, jaribu "Mombassa" kwa s mbili, "Frere Town" na "Freretown". Kabla ya 1920 nchi haikuitwa Kenya kwenye karatasi, iliitwa East Africa Protectorate.

MwanaKuze
Nashukuru sana. Nimeongea na mama usiku huu na kuna jambo jingine. Mjomba wangu mkubwa amekataa. Asema tukimtafuta nyanya kwa Frere Town, mti utaandika kwamba alikuwa mtumwa, na watoto wetu watatafutiwa posa na watu watafungua mtandao wasome. Mama ataka. Mjomba hataki. Na yeye ndiye aliyechanga nyingi.

MzeeKibokoni
Mjomba wako mumpe heshima yake. Yeye ameona siku ambazo neno hilo lilivunja arusi hapa mjini, nami nimeziona. Haogopi kitu kisichokuwapo.

MamaRabai
Mzee, naheshimu kauli yako, lakini kwa hili siwezi kunyamaza. Mtoto aliyeibwa kwao, akapandishwa jahazi, akashushwa Mombasa hajui lugha ya mtu, kisha akakua akaolewa akazaa watu hawa wote, aibu ni yake? Aibu ni ya aliyemuuza. Sisi Rabai tulipoacha kuficha ndipo tulipoanza kujuana. Kama nyanya huyu alikuwa na dada au kaka aliyebaki Frere Town, wajukuu wao wako hapa hapa Kisauni, na mwapishana sokoni.

SalimMajengo
Hapa niko na Mama Rabai.

MzeeKibokoni
Sikusema ni aibu. Nimesema msimpite mjomba. Mwandikeni kwenye daftari la nyumbani na programu ya kompyuta isiyo na mtandao, mpaka mkubaliane.

FundiChangamwe
Gramps, Mzee. Ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yako tu. Ukija kukubaliana na jamaa unatoa faili ya GEDCOM, ambayo programu nyingine za ukoo zaisoma. Ila usiipakie nzima kwenye mti wa pamoja kwa mkupuo, wanaofanya hivyo ndio wanaoleta maafa kama yale ya Mama Rabai. Mtu mmoja mmoja.

MdigoWaWaa
Nimechelewa. Kuna mwenye kujua namna ya kuandika ukoo wa upande wa mama kwenye hii miti? Sisi Wadigo zamani mtu alirithi kwa mjomba wake, na fuko lake, yaani ukoo, ni la mamake. Mitandao yote yanidai jina la baba kwanza, na ukichapisha mti, mjomba yuko pembeni kama mgeni. Mchango wangu kwa MwanaKuze: hata wewe fuata wanawake. Nyanya, mamake, dada zake.

BintiLikoni
Waweza kuanzia kwa mwanamke na kupanda kwa mama peke yake, mti wakubali. Lakini mjomba kama mrithi hana mahali, itabidi uandike kwenye maelezo ya maisha yake.

KijanaTudor
Mbona msipime DNA tu? Yamalizika.

BintiLikoni
Haimaliziki. Itakupa jamaa waliopima, na wa kwetu waliopima ni wachache. Na itaibua mambo ya watu walio hai ambayo hakuna aliyeuliza.

KijanaTudor
Lakini Mama Rabai amesema wajukuu wako Kisauni. Wakipima wawili watatu yatosha.

MamaRabai
Mwanangu, kwanza wakubali kupima. Huko nako kuna wajomba.

MwanaKuze
Sijalipa kokote. Jumamosi naenda na mama Kengeleni kuuliza daftari. Mama Rabai, daftari za miaka hiyo zaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili? Na akiolewa akasilimu, kuna karatasi yoyote kwa Kadhi ya miaka ile yenye majina yote mawili, la zamani na jipya?

SalimMajengo
Hilo la Kadhi nami nataka kulijua, kuna mzee wetu Bondeni ana kesi kama hiyo.

MdigoWaWaa
Na mimi bado nangoja kuhusu mjomba. Hayo maelezo ya maisha yatokea kwenye mti uliochapwa, ama yabaki ndani?