Mrejesho: mpango wa seva ya shule kabla ya kuisimika

Ndugu zangu, niliuliza nianzie wapi kabla ya kusimika seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) ya kompyuta 40 za shule yetu, nanyi mkanishauri nichore kwanza mpango wa anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, ushauri ninaoushukuru kwa dhati. Katika mtandao wa 192.168.10.0/24, wenye anwani 254 za kutumika, nimetenga zinazoishia na 1 hadi 50 kwa seva, ruta (kifaa kinachounganisha mtandao wetu na intaneti) na printa, na zinazoishia na 100 hadi 200 zigawiwe na DHCP ya seva, yaani huduma inayozipa kompyuta anwani moja kwa moja. Mchoro huo ndio ulionionyesha kwamba ruta nayo inagawa anwani, jambo ambalo lingeleta mgongano, kwa hiyo nitaizima huduma hiyo kwenye ruta siku ile ile seva itakapowashwa. Ninasubiri UPS tu, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika. Kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, sitathubutu kuanza bila hiyo.