Ramlila ya Watoto (igizo la maisha ya Rama, mungu wa Kihindu): Wazazi na Wasaidizi

Mama Kavita: Jai Shri Krishna. Kesho mazoezi saa kumi. Tunarudia pale Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama, anapomdai mfalme zile ahadi zake mbili, halafu Rama anaaga kwenda msituni. Tujitahidi kabla ya sikukuu ya Navaratri, watoto wakianza kucheza ngoma ya garba hatuwapati tena.

Kishor bhai: Lakshmana ana tuisheni mpaka kumi na moja.

Mama Kavita: Basi Rama ataenda msituni bila mdogo wake 🙄

Fundi Hamisi: Habari zenu. Dadi, shikamoo. Mkia wa yule nyani Hanuman tayari, nimetia waya ndani. Pale anapouchoma mji wa Lanka kwa mkia mnawasha moto kweli? Hiki kitambaa kinashika moto upesi.

Dadi: Marahaba.

Mama Kavita: Moto hapana! Shonea vitambaa vyekundu mwishoni, avipepee.

Fundi Hamisi: Sawa. Vile vichwa tisa vya ziada vya Ravana, mfalme wa Lanka, natumia maboksi, asije akaelemewa.

Dadi: Jana nimeona Rama amevaa taji anakula kripsi. Na mama yake anamfokea mbele ya watu. Sijui lipi baya zaidi.

Mama Rohan: Dadi, ni mwanangu! Kachafua dhoti mpya!

Dadi: Bila taji ni wako. Akishavikwa ni Rama. Kwetu Banaras, ng'ambo ya Ganga kule Ramnagar, watoto wa Ramlila wanabebwa mabegani na wazee wazima wanawagusa miguu. Igizo lao ni karibu mwezi mzima, bila maikrofoni wala taa za umeme.

Kishor bhai: Na kule ni wavulana tu, ambao sauti hazijawa nzito. Hata Sita, mke wa Rama, ni mvulana.

Mama Kavita: Sita wetu ni Kavita, habadilishwi 😤

Dadi: Nani kasema abadilishwe? Nimesema kripsi.

Mama Rohan: 😂😂 Ila Rohan sauti imeanza kukwaruza. Ataimba kweli?

Dadi: Haimbi yeye. Beti za mshairi Tulsidas zinaimbwa na waimbaji wanaoitwa Ramayani, wamekaa pembeni. Watoto wanasema maneno yao tu, na vyas yuko nyuma yao na kitabu, anawakumbusha.

Mama Kavita: Kumbe mimi ndiye vyas. Haya, waimbaji tutakuwa sisi wakubwa. Kishor bhai, ngoma yako ya dholaki njoo nayo. Na chai na vitafunwa ni kabla ya mataji. Taji likipanda, hakuna kula, hakuna simu.

Mama Rohan: Na akikosea maneno nimwite nani, Bwana Rama? 😅

Dadi: Ndiyo. Na kwa adabu.

Kishor bhai: Nimeongea na mwalimu wa tuisheni. Lakshmana anafika kumi na nusu.

Fundi Hamisi: Mkia niutume na boda?

Mama Kavita: Njoo nao mwenyewe, fundi. Umpime na Ravana, kichwa chake halisi ni kikubwa kuliko maboksi yako.