Sauti ya Muha, sura ya kukodi Dar: filamu hii ya muziki imetudharau watu wa Kigoma

Wakuu, salaam. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mwimbaji, mzaliwa wa Kasulu, naishi Mwanga hapa mjini. Walikuja watu wa filamu kutoka Dar wakitafuta wa kuimba Kiha, stori yao ni ya binti wa Kiha na mvuvi wa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma. Nyimbo zote za huyo binti nimeimba mimi. Kuigiza wakanikatalia, eti sura haiuzi. Haya. Juzi trela imetoka: sauti yangu, na dada fulani anahangaika kuifuatisha, mdomo unafunguka neno limeshapita. Jina langu halipo popote.

Halafu kavalishwa rubega na shanga za Kimasai! Anauza samaki, migebuka, Kibirizi kavaa kama yuko Longido! Muha anayeongea humo ndani ni mlinzi wa geti anayechekwa lafudhi, na mganga. Basi.

Wamarekani walifanya haya 1961 kwenye filamu ya muziki ya West Side Story. Natalie Wood, ambaye si wa asili ya Puerto Rico, akapewa kuwa Maria, binti wa Puerto Rico, nyimbo akaimbiwa na Marni Nixon ambaye hata jina hawakumwandika. Rita Moreno, mzaliwa halisi wa Puerto Rico, alishinda Oscar kwa filamu hiyohiyo, lakini mwenyewe kasimulia walivyompaka rangi awe mweusi zaidi, ndiyo eti afanane na watu wa kwao. Mtu wa kwao kabisa! Sisi leo ndiyo tunaanzia hapo.

Na msiniletee habari za soko. 2012 wasanii wa huku, Kigoma All Stars, walipotoa wimbo wa Leka Dutigite, nani alilalamika kwamba ni Kiha?

Kinachouma zaidi, sisi wa huku tukifuata kitambulisho tunaulizwa kama si Warundi, babu kazaliwa wapi, kazikwa wapi. Ofisini Uha wangu ni kesi, kwenye filamu anapewa mwingine auvae.

Mkataba wa maandishi hawakuleta, ila meseji zao na rekodi za studio ninazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwimbaji. Aliyewahi kudai anijuze: naanzia COSOTA, wale wa hakimiliki, au Bodi ya Filamu? Wa "shukuru umelipwa", pita kimya.