Naomba ushauri: kwa nini mwanangu anaendesha baiskeli barabarani badala ya njia ya waenda kwa miguu?

Mama Rehema
Ndugu zangu, mwanangu husambaza mikate kwa baiskeli kutoka Buguruni hadi Ubungo, na kila alfajiri hupita Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini. Juzi nikiwa kwenye daladala nilimwona dirishani, kreti mbili kwenye keria, tairi la lori likizunguka karibu kabisa na kiwiko chake. Nimemsihi apite njia ya waenda kwa miguu, naye hunijibu kwamba huko ndiko kwenye hatari zaidi. Je, ni kweli, au ni ukaidi wa ujana?

Fundi wa Tabata
Shikamoo mama. Anasema kweli, ingawa kwa macho haionekani hivyo. Njia ya kando hukatwa na mageti ya yadi, vituo vya mafuta na midomo ya mitaa, na dereva anayetoka humo hutazama magari ya barabarani. Hatarajii kitu chenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa kichomoze mbele ya boneti yake kwenye njia ya watu wanaotembea kilomita 4 au 5. Ongeza meza za biashara, bodaboda zilizoegeshwa na mitaro isiyo na mifuniko: atalazimika kushuka barabarani na kupanda tena kila mara, na kila anaposhuka ghafla, gari la nyuma hukosa nafasi ya kumkwepa.

Mwambie ashike mstari ulionyooka, kiasi cha hatua moja kutoka ukingoni, aonekane mapema. Asijipenyeze kamwe kushoto kwa lori linalokata kona kushoto, kwa kuwa dereva hamwoni.

Mstaafu wa Kimara
Nasi watembeao tusisahauliwe. Natembelea mkongojo, na mwaka jana baiskeli ya mkaa iliniangusha kando ya barabara. Kengele niliisikia, lakini miguu haikuwahi kupisha. Palipotengwa njia ya baiskeli, kama sehemu za Barabara ya Morogoro kando ya mwendokasi, aitumie hiyo.

Mama Rehema
Pole sana, mzee wangu. Marahaba, Fundi. Je, lile giza la alfajiri?

Fundi wa Tabata
Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Kreti hizo zinafunika rifleta ya kwenye madigadi, mama, kwa hiyo aifungue na kuifunga kwa waya nyuma ya kreti yenyewe.