Geti la zamani lina redi ledi (rangi yenye madini ya risasi), naombeni ushauri
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi huku Pasua, nimenunua geti la chuma mtumba, fundi kapitisha msasa kidogo ikatokea praima (rangi ya kwanza ya chini) nyekundu inayoelekea chungwa, anasema hiyo ni redi ledi ya enzi hizo na sio praima ya redoksaidi ya dukani. Najua redi ledi inazuia kutu balaa, na viwanda vya betri za gari vinaitumia, ila karibu 90% ya uzito wa unga wake ni madini ya risasi na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto. Sasa jamaa anataka kupiga grinda hapohapo uani wanangu wanapocheza, tena hana hata barakoa! Nimwambie akwangue kwa maji au tupake rangi juu yake tuachane nayo? Na vumbi lililoshadondoka nilitoeje, maana nikifagia naona kama nalisambaza tu.