Mafundi bomba tuliojiajiri Dar: mnataka tuwaibie kwenye vifaa ndiyo mridhike?

Wakuu, nimevumilia mwaka mmoja na miezi minne tangu nijiajiri, leo naandika maana nimejaa hadi hapa kooni.

Juzi saa 2 usiku napigiwa simu, mama mmoja wa Madale, hita ya maji inavuja, anaogopa kuingia bafuni. Mimi naishi Kimara. Nikachukua boda, tukapita Goba, kwenda na kurudi 15,000. Nafika nakuta hita ya lita 50 ukutani, ndoo chini, na tone moja moja linatoka kwenye valvu ya usalama, ile ndogo inayokaa kwenye paipu ya maji baridi inapoingia kwenye hita. Nikazima umeme, nikafungua mfuniko, nikakagua thamostati, nikapapasa tangi lote kutafuta kutu. Hita ni nzima, haina tatizo. Ile valvu ilikuwa inafanya kazi yake. Maji yakipata moto yanatanuka, presha ikipanda valvu inatema kidogo, basi. Hita ikipoa, inakauka.

Sasa sikieni. Mchana wake alikuja fundi mwingine, akamwambia hiyo valvu mbovu, anaing'oa na kuziba kwa plagi kwa 30,000. Jamani! Ukiziba pale, siku thamostati ikigoma kukata umeme lile tangi halina pa kupumulia. Litapasuka, na likipasuka mtu akiwa anaoga ni msiba. Nilimweleza yote hayo, nikamwonyesha kwa tochi, nikamwambia kinachotakiwa ni kimpira cha kupeleka matone kwenye dreni. Nikaomba 25,000 kwa kutoka kwangu. Akaniangalia akasema, "Fundi, mbona hujafunga chochote? Nikulipe nini sasa?"

Sikupewa hata nauli. Yule wa plagi angelipwa 30,000 papo hapo kwa kuwatega watoto wa watu bomu bafuni.

Mimi si fundi wa kuokota. Nina cheti cha VETA ngazi ya tatu, na nimefanya kazi kwa mkandarasi mmoja miaka 12. Nimefunga mabomba kwenye maghorofa ya Upanga na Mikocheni ambayo mpaka leo hayajarudi kwangu kwa kosa. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 720,000. Siku moja nikaona makadirio ya bosi juu ya meza, ufundi peke yake milioni 4, kazi niliyoimaliza kwa siku 9 na saidia mmoja. Nikajisemea, mbona nateseka? Nikaaga.

Ambacho sikukielewa ni kwamba ile milioni 4 ilikuwa inalipa na mambo yasiyoonekana: gari kwenda kuangalia saiti mara tatu, kurudi kurekebisha, miezi ya kusubiri malipo, na kazi zilizoangaliwa zisipatikane. Mteja alilipa bila kelele kwa sababu karatasi ilikuwa na nembo na muhuri. Mteja wa aina ile ile, nikimfuata mimi na begi langu mgongoni, ananiambia "fundi wewe si unakuja na mikono tu". Mikono tu! Mashine ya kuchomea PPR, zile paipu za plastiki zinazounganishwa kwa moto, nimenunua mimi, spana za bomba mimi, dreli mimi, dai ya kukatia uzi mimi, vyote kwa akiba yangu.

Halafu watu wanadhani ile kazi ni kuchomeka na kuchomoa. Mashine inatakiwa ifike digrii 260. Paipu ya milimita 20 unaihesabia sekunde 5, ya 25 sekunde 7. Ukipitiliza, plastiki inayeyukia ndani na kuziba njia, mteja atalalamika miaka yote kwamba maji ya juu hayana nguvu. Ukiwahi kuitoa, haijashikana. Itakaa wiki mbili, mwezi, halafu inaachia usiku ukiwa umelala. Ukiizungusha wakati wa kuingiza umeshaiharibu. Nyumba moja ina maungio zaidi ya 100 na yote yanaenda kufukiwa ukutani. Hicho ndicho ninachouza.

Tuje kwenye kidonda chenyewe: cha juu.

Kila mtu Dar anajua na hakuna anayetaka kusema. Fundi anaandika orodha ya vifaa, anaenda Kariakoo au duka la jirani, na swali la kwanza la muuzaji ni "fundi, risiti niandike ngapi?" Koki ya 12,000 inaandikwa 20,000. Kwenye nyumba nzima fundi anaondoka na laki tatu, nne, bila jasho. Mteja naye si mjinga, anajua anaibiwa, kwa hiyo anajilipia kisasi kwenye ufundi. Anakukandamiza bei mpaka chini kabisa, akiamini utajaziliza dukani. Na mafundi wengi wanakubali bei ya kukandamizwa kwa sababu ni kweli watajaziliza dukani. Mchezo umekwenda hivyo miaka yote mpaka sasa ufundi wenyewe hauna bei. Ukitokea mtu kama mimi unayesema "mzee, twende wote dukani, risiti chukua mwenyewe, ila ufundi wangu ni bei hii", unaonekana ndiye mwizi!

Nina mfano wa Goba. Bafu mbili, jiko, laini ya maji baridi na ya moto, kuunganisha na simtanki. Nikamwambia baba mwenye nyumba 850,000, vifaa anunue mwenyewe. Akasema yupo wa 400,000. Nikamwomba tu kitu kimoja, kwenye maji ya moto aweke PPR ya PN 20, ile nene, asikubali nyembamba. Akaenda dukani, akaambiwa PPR zote ni moja, akarudi na PN 10 nyumba nzima kwa sababu ni rahisi. Nikakataa kuifunga kwenye maji ya moto. Wa 400,000 akaifunga.

Haikupita miezi mitano, simu. Ukuta wa bafu unatoka jasho. Nimeenda, nimegonga vigae, vinalia tupu. Tukavunja vitatu. Ile paipu ilikuwa imevimba kama mshipa wa mkono, na kwenye elbo imechanika mstari mwembamba ambao ukipitisha kucha unausikia. Vigae vile alivinunua 38,000 kwa boksi na dukani havipo tena. Wa 400,000 hapokei simu. Na huyu mzee wangu, ambaye namheshimu, anataka nivunje, nibadilishe laini yote ya moto na nirudishie vigae kwa 60,000, eti "kwa kuwa ulishawahi kuja, unaijua nyumba". Nilisimama pale na nyundo mkononi nikakosa la kujibu.

Makampuni ndiyo usiseme. Nimefanya kazi ya vyoo kwenye ofisi moja mjini, huu ni mwezi wa nne nafuatilia hela. Wamesema watakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Sawa, hiyo ni sheria na sina ugomvi nayo. Lakini mhasibu anataka risiti ya EFD kabla ya kunilipa, nimempelekea, sasa ananiambia mwenye kusaini amesafiri. Saidia wangu kijana ana mtoto wa miezi saba. Yeye nilimpa 15,000 yake kila jioni kwa siku zote 6 za ile kazi, kutoka mfukoni kwangu, kwa sababu siwezi kumwambia mtoto asubiri mwenye kusaini arudi.

Na mnaotaka kuacha kazi mwaka huu, mjue hili kabla ya kuandika barua. Ukiacha mwenyewe, kile kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hukipati, hicho ni cha anayeachishwa. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari. Michango ile ya asilimia 20 ambayo bosi alikuwa anabeba nusu yake, sasa ukitaka kuendelea unachangia peke yako. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni wa walioajiriwa. Mimi nikidondoka kwenye bati nikifunga sola ya maji moto, nimedondoka mwenyewe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nina miaka 47, ni mwanaume, namshukuru Mungu nina viungo vyote. Niende dirisha gani?

Mke wangu ananiambia nirudi kwa bosi. Sirudi. Kazi ninaipenda na wateja wazuri wapo, kuna dada mmoja Tabata Segerea huwa ananilipa kabla sijafungua begi. Ila siwezi kukubali kwamba ili nile lazima nimwibie mtu kwenye risiti ya koki.

Nina hasira na mafundi wenzangu pia. Mnaokwenda kuangalia kazi bure, mnaokubali nusu bei kwa hesabu ya cha juu, nyinyi ndio mmewafundisha wateja kwamba akili ya fundi ni ya bure na kinacholipwa ni kile kilichofungwa kwa spana.

Kuanzia Jumatatu, kwenda kuangalia ni 20,000, itumwe kwenye simu kabla sijapanda boda. Tukielewana kazi, naikata kwenye jumla. Tusipoelewana, ni malipo ya kutoka kwangu na kukueleza ukweli.

Leo asubuhi yule mama wa Madale kanitumia ujumbe: yule fundi wa plagi amerudi, yupo getini, amfungulie? Nimempigia kwa vocha yangu, nimemwambia asimruhusu kabisa kugusa ile valvu, nikamwelekeza kimpira cha kununua na pa kukipitisha. Akasema ahsante fundi, akakata.

Mafundi mliomo humu, nyinyi mnatoza ngapi kwenda kuangalia, na mteja akikataa mnamjibuje?